Si TB. Basi Ni Nini?

Kabla ya kuitwa Eldoret, mji wetu uliitwa kwa nambari. Walowezi waliokuja Uasin Gishu mwanzoni mwa karne ya 20 waligawiwa ardhi iliyopimwa na kuhesabiwa, na mji ukaota kwenye shamba nambari 64. Basi ukaitwa 64, kwa Kiingereza, na ulimi wa Kikalenjin ukaligeuza jina hilo likawa Sisibo. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi kwa jina la Eldoret, lenye asili ya Kimaasai, kutokana na mto wenye mawe. Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Lakini panda Timboroa asubuhi, usimame na wazee wanaongoja matatu ya kuteremka mjini, na bado utamsikia mmoja akisema anaenda Sisibo.

Nimeanza na mji kwa sababu swali langu ni la majina, na watu wengi hudhani majina ni jambo dogo. Ati kitu kipo tu, ukiite utakavyo. Mji ulikuwa na mawe na mto kabla ya nambari, ukabaki nayo baada ya jina. Sawa. Lakini barua inayoandikwa "Eldoret" inafika, na hati ya shamba inayoandikwa jina lisilo lako inakufukuza kwenye ardhi. Jina halibadilishi kitu chenyewe. Hubadilisha tunachokitendea kitu hicho, na hapo ndipo maadili yanapoingia.

Swali langu ni hili: mtu anayekohoa ana haki ya kujua jina la kinachomla mapafu, hata pale ambapo jina hilo halina dawa karibu? Na ikiwa ana haki hiyo, ni nani mwenye deni la kumpa?

Wacha nieleze kwanza tunazungumzia nini.

Kwa miaka mingi, kipimo cha kifua kikuu katika vituo vingi vya afya nchini kilikuwa makohozi kwenye kipande cha kioo. Unayapaka, unayakausha, unayamwagia rangi nyekundu, unayapasha moto kidogo, unayaosha kwa tindikali, kisha unaweka rangi ya bluu. Utaratibu huo unaitwa Ziehl-Neelsen, kwa majina ya Wajerumani wawili walioukuza miaka ya 1880, muda mfupi baada ya Robert Koch kutangaza jijini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kiini kinacholeta kifua kikuu. Bakteria hawa wana ukuta wenye mafuta mazito kama nta. Ukuta huo ukishaipokea rangi nyekundu, tindikali haiwezi kuing'oa. Kwa hiyo kila kijiti kinachobaki chekundu kwenye uwanja wa bluu ni mmoja wao.

Mmoja wao, ndiyo, lakini yupi? Hadubini inakuonyesha ukoo. Haikuonyeshi mtu. Ukoo huo unaitwa maikobakteria, na una spishi zaidi ya 190. Hata jina la ukoo wenyewe lilitokana na kufananisha: lilitolewa mwaka 1896, na sehemu yake ya kwanza ni neno la Kigiriki la kuvu, kwa sababu bakteria hawa wakioteshwa kwenye majimaji hutanda juu kama ukungu wa mkate. Si kuvu, lakini jina limebaki.

Anayeleta kifua kikuu ni mmoja, pamoja na ndugu zake wachache wa karibu. Wengine karibu wote wanaishi kwenye udongo, kwenye mito, na hata ndani ya mabomba ya maji ya nyumba zetu, bila ugomvi na mtu. Lakini wapo wachache ambao wakipata pafu lililochoka, liwe na kovu la TB ya zamani, moshi wa miaka mingi, au mwili ambao VVU vimeupunguzia kinga, huingia na kukaa. Mtu anakohoa. Anatoka jasho usiku. Anakonda. Eksirei inaweza kuonyesha tundu lile lile ambalo daktari amezoea kulisoma kama TB. Ukipima makohozi yake kwa rangi, vijiti vyekundu vipo.

Tofauti ni mbili, na ni kubwa. Ya kwanza, hawa wengine kwa kawaida hawahami kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa ameupata kwenye maji au udongo, na hawezi kumwambukiza mjukuu wake kwa kukohoa. Ya pili, dawa za TB zikitumiwa peke yake mara nyingi hazitoshi. Kundi linaloongoza kwa kuleta maradhi haya ya mapafu, la *Mycobacterium avium*, hutibiwa kwa mchanganyiko wenye dawa ya jamii ya azithromycin, na dawa huendelea kwa mwaka mzima baada ya makohozi kuwa safi.

Sasa nimlete mjomba. Kwetu mjomba anaitwa *mama*, jambo linalowachanganya marafiki zangu wa Nairobi kila nikianza stori na "mama alikuwa na ndevu". Alilima viazi Timboroa maisha yake yote, huko juu ambako reli ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, iliyofika Eldoret mwaka 1924, hupanda zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Huko baridi ina mikono. Jikoni moto hauzimwi, na moshi ni kama mmoja wa familia.

Alianza kukohoa. Hii ilikuwa kabla mashine za GeneXpert hazijatufikia. Kituo kimoja kikampima makohozi, vijiti vyekundu vikaonekana, akaanzishiwa dawa za TB. Alizinywa kila asubuhi na uji, na mkewe alimhesabia. Mwezi wa tano akapimwa tena: vijiti bado vipo. Akaulizwa kama kweli anameza dawa. Akasema anameza. Akaulizwa tena, safari hii mbele ya mkewe, kwa sauti ile ambayo mtu mzima huulizwa akiwa ameshahukumiwa. Akaandikwa kuwa tiba imeshindwa, akaanzishwa awamu ya pili ya miezi 8, ikiwa na sindano kila siku kwa miezi 2 ya mwanzo. Sindano hizo zilimwachia mlio masikioni ambao haukuondoka.

Baadaye makohozi yakapelekwa mbali yakaoteshwe. Bakteria hawa wengi huota polepole, wiki kwa wiki, kwa hiyo alingoja. Karatasi iliporudi ilikuwa na herufi nne: MOTT. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya maikobakteria wengine, mbali na wa kifua kikuu. Mhudumu akamwambia, "Mzee, si TB."

"Basi ni nini?"

"Ni ile ingine."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria jambo hili, na sijaacha.

Angalia kilichotokea kwake kabla ya karatasi ile. Nyumbani kikombe chake kilitiwa alama kwa rangi ya kucha ili kisichanganywe. Kibuyu cha mursik, ambacho jioni kilikuwa kikizunguka kutoka mkono hadi mkono, kilianza kuzunguka bila kumfikia. Mhudumu wa afya wa jamii alikuja kwa pikipiki kuwaangalia watoto, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa kufanywa kama ingekuwa TB, na majirani wote wakaona pikipiki imesimama kwa nani. Karatasi ya "si TB" haikuja na pikipiki. Ilikuja imekunjwa mfukoni mwa mjomba, na yeye si mtu wa kuzunguka vijijini akiisoma. Kikombe kilibaki na alama yake. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, kwenye programu ya mazishi tuliandika kama Wakenya wote tunavyoandika: baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Kilichoniuma zaidi ni ule mwezi wa tano. Mwanafalsafa Miranda Fricker aliandika mwaka 2007 kitabu kizima kuhusu udhalimu unaomfika mtu katika nafasi yake ya kuwa mjuzi: mtu anasema ajualo na haaminiwi. Mimi sidhani mhudumu yule alikuwa na nia mbaya. Fomu yake ilimpa maelezo mawili tu. Vijiti vyekundu vikibaki, ama mgonjwa hanywi dawa, ama ana TB sugu. Uwezekano wa tatu, kwamba ni kiumbe kingine kabisa, haukuwa na kisanduku. Na pasipo na kisanduku cha tatu, mkweli ataonekana mwongo hata akiapa. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka tulione kuhusu majina: ukosefu wa jina kwa kitu unaweza kumwangukia mtu kama lawama.

Mtu atasema, lakini jina si alipewa? MOTT. Hebu tulitazame. Ni jina la kukanusha. Linakuambia kiumbe hiki si nani. Miaka ya 1950, madaktari walipoanza kuwaona bakteria hawa kwa wingi kwenye mapafu ya wagonjwa, waliwaita "wasio na jina", na wengine wakawaita "wasio wa kawaida". Sisi tunajua raha na karaha ya majina ya namna hiyo. Enzi ya mkoloni kulikuwa na watu ambao kwenye makaratasi walitambulishwa kwa kutokuwa Wazungu, kana kwamba hilo lilikuwa linakuambia kitu kuhusu chakula chao, lugha yao au jina la bibi yao. Jina la kukanusha humfaa anayepanga faili. Kwa anayebandikwa jina lenyewe, ni kama kuulizwa umetoka wapi ukajibu, "Sikutoka Nairobi."

Mwaka 1959, Mmarekani Ernest Runyon alijaribu kuwapanga hawa wasio na jina. Aliwagawa kwa mambo yanayoonekana kwa macho: nani anaota upesi na nani polepole, nani anageuka njano akimulikwa na mwanga, nani ni wa njano hata gizani. Baada ya hapo majina ya mmoja mmoja yakazidi kuja, na hapa nilishangaa, kwa sababu wanasayansi wanapeana majina kama Wakalenjin.

Fikiria. Kwetu mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop. Aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani ni Kiprotich. Aliyezaliwa safarini ni Kipruto, na aliyezaliwa penye Wazungu au hospitalini ni Kipchumba. Jina ni kumbukumbu ya mahali na saa ulipoonekana. Sasa soma orodha ya maikobakteria. *M. kansasii*, kwa sababu wagonjwa wa kwanza walielezwa Kansas City mwaka 1953. *M. malmoense*, kwa sababu ya mji wa Malmö, Uswidi. *M. xenopi*, kwa sababu alipatikana kwa chura wa jamii ya Xenopus. *M. simiae*, kwa nyani. *M. celatum*, aliyefichika. Hawa ni akina Kiprop na Kipchumba wa maabara.

Na kuna jina la pili kwetu, *kurenet*, jina la mhenga. Kwa desturi ya zamani, majina ya wahenga hutajwa moja baada ya jingine mbele ya mtoto mchanga, na lile analolipigia chafya ndilo lake. Nilipoelezwa jinsi maabara zinavyotambua spishi, nilicheka peke yangu. Kuna kipimo cha kipande kidogo chenye mistari, kila mstari ukiwa na kipisi cha DNA cha spishi fulani. Unamwagia DNA ya bakteria wako, na mstari unaokubaliana nayo unabadilika rangi. Yaani unamtajia majina hadi apige chafya.

Shida ni mtoto asiyepiga chafya kwa jina lolote. Kipimo kinasema tu: ni wa ukoo huu, zaidi ya hapo sijui. Hapo inabidi usome herufi za jeni zake na kuzilinganisha na za wote wanaojulikana, na hata kusoma kunaweza kukudanganya. *M. kansasii* na *M. gastri* wana jeni moja inayotumiwa sana kutambulisha bakteria, iitwayo 16S, iliyo sawa herufi kwa herufi. Mmoja hula mapafu karibu kama TB. Mwingine kwa kawaida hana neno na mtu. Ukiangalia jeni hiyo peke yake umeona mapacha, na umemwachia daktari kazi ya kubahatisha ni pacha yupi.

Hata ukipata jina sahihi, kesi haijaisha. Kwa kuwa hawa wanaishi kwenye maji na udongo, anaweza kupatikana kwenye makohozi yako akiwa mpita njia. Ndiyo maana miongozo ya madaktari ya mwaka 2007, na ile ya 2020 iliyoifuata, haimtii hatiani kwa kuonekana mara moja kwenye makohozi. Inataka aonekane kwenye sampuli tofauti zisizopungua mbili, tena pawe na dalili, tena picha ya mapafu ikubaliane. Napenda sana sheria hii. Yeyote aliyewahi kubebwa kwenye msako wa polisi Ijumaa usiku kwa kosa la kuwa mahali anajua kwa nini. Kupatikana mahali si ushahidi wa kutenda. Kwamba tunampa bakteria haki ambayo hatumpi kijana wa mtaani ni mada ya siku nyingine.

Basi nani anatoa jina, na nani analibeba? Sheria ya kimataifa ya majina ya bakteria inataka spishi mpya ielezwe kwa maandishi yaliyochapishwa, na mfano wake hai uhifadhiwe katika hifadhi mbili, katika nchi mbili tofauti. Kama huna maabara ya kusoma jenomu wala friji isiyokatikiwa na stima, basi hutoi jina. Unatoa makohozi.

Mfano ulio karibu nasi uko Moshi, Tanzania. Kati ya 2006 na 2008 watafiti waliwatambua huko kaskazini wagonjwa 9 wenye VVU ambao maikobakteria hawa wengine walikuwa wamewaingia mwilini na kusambaa. Zaidi ya nusu yao walikuwa na spishi moja iitwayo *M. sherrisii*. Jina hilo lilikuwa limependekezwa Marekani mwaka 2004, kwa heshima ya John Sherris, mtaalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Washington, na halikukubaliwa rasmi hadi 2011. Sina ugomvi na Sherris; pengine alistahili. Nasema tu kwamba mgonjwa aliyelala chini ya Kilimanjaro alikuwa na ndani ya damu yake kumbukumbu ya heshima ya profesa wa Seattle.

Au chukua jina linalokwenda upande wa pili, linalobaki kwetu tusipolitaka. Spishi iitwayo *M. ulcerans* hula ngozi badala ya mapafu. Iliwekwa kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1948 kutoka kwa wagonjwa wa Australia. Lakini dunia nzima leo inaujua ugonjwa wake kwa jina la Buruli, eneo la Uganda karibu na mto Nile, kwa sababu wagonjwa wengi walionekana huko miaka ya 1960. Siku hizi wagonjwa wengi wa Afrika wako magharibi mwa bara, Ghana, Benin na Ivory Coast, lakini kidonda kinaitwa Buruli. Na sisi wa Bonde la Ufa tuna homa yetu, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, ambayo imebeba jina letu hadi Misri na Saudia. Watu wa Kansas hawaonekani kusumbuka na bakteria wao, kwa sababu Kansas ina mambo mengine mengi ya kujulikana nayo. Mahali palipo na jina moja tu duniani, jina hilo likiwa la kidonda, hapana pa kukimbilia. Shirika la Afya Duniani lililiona hilo, na Mei 2015 likashauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu, wanyama wala kazi.

Kuna njia ya tatu, na ni ya hapa kwetu. Mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, ulipewa jina na wagonjwa wenyewe: chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza jinsi maumivu yanavyomkunja mtu. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda kukatokea jamaa yake, naye akaitwa kwa neno la wenyeji kuhusu viungo kulegea, o'nyong-nyong. Majina hayo hayamtukuzi profesa wala hayakiaibishi kijiji. Yanasema tu jinsi inavyouma. Hata letu la kifua kikuu ni la namna hiyo. Yule asiyejua bakteria ni nini anaelewa kwamba kuna kifua, na kuna kifua kikuu.

Nina rafiki tabibu ambaye nilimwelezea haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo siwezi kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika kila watu wazima 100,000 wa Kenya, 558 walikuwa na TB. TB inaua, inaambukiza, inatibika. Pesa ya kumtafutia mtu mmoja jina la Kilatini ingewapima wengi wenye TB ambao hawajui kama wanayo. "Na ukishampa jina," akasema, "dawa ya mwaka mzima atanunua na nini? Umempa jina ili alale nalo?"

Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajawahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya umma Jumatatu asubuhi. Nakubali sehemu yake kubwa. Kama lazima kuchagua, yule anayeambukiza na kutibika atangulie. Lakini hoja hii inadhani jina lina kazi moja tu, kuleta dawa. Jina lina kazi tatu. Kwa mtafiti, linamwezesha kuhesabu. Usichokiita huwezi kukihesabu, na usichokihesabu hakipangiwi bajeti, halafu tunasema ni nadra. Kwa daktari, linachagua dawa, na pia linamwambia asitoe dawa ipi. Miezi ile 8 ya sindano ilikuwa gharama. Ililipwa na serikali kwa pesa na na mjomba kwa masikio. Kwa jirani, linaamua kikombe kitawekwa wapi.

Kwa hiyo najibu swali langu kwa kuligawa mara mbili. Kumpa mtu jina halisi la ugonjwa wake ni wema mkubwa, na nchi inalikaribia kadiri ya uwezo wake. Lakini kumwondolea mtu jina lisilo lake ni haki, na haki haingoji utajiri. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, hutambua kundi la TB kwa muda wa saa mbili hivi. Haiwezi kukutajia hawa wengine. Lakini vijiti vyekundu vikiwapo kwenye kioo na mashine ikasema TB hakuna, imeshakuambia kwamba kuna mtu mwingine nyumbani. Kuanzia dakika hiyo, kuendelea kumwita mgonjwa "wa TB", au kumwita mkaidi wa dawa, ni uamuzi wa mtu. Teknolojia haihusiki tena.

Haki hiyo ina gharama ndogo kuliko tunavyofikiri. Inataka kisanduku cha tatu kwenye fomu. Inataka mtu aandike "bado hatujui" na tarehe ya kuuliza tena, kwa sababu "bado hatujui" lililoandikwa vizuri ni jina la heshima kuliko "ile ingine". Na inataka pikipiki irudi. Kama mhudumu alikuja kijijini kutangaza kwa vitendo kwamba nyumba hii ina TB, basi aje tena, akae, anywe mursik kutoka kibuyu kile kile, watu wamwone. Hakuna maabara inayohitajika kwa hilo.

Nimewahi kujiuliza ingekuwaje kama kiumbe kilichokuwa kwenye pafu la mjomba kilikuwa kipya kabisa, kisichopigia chafya jina lolote. Kanuni zingeruhusu kiitwe *timboroense*. Nafikiri ningekataa. Timboroa inajulikana kwa viazi, kwa baridi, na kwa kituo cha treni kilicho juu mawinguni, na inatosha. Ningependelea wakiite kwa umbo lake, au kwa rangi yake kwenye mwanga, au kwa namna kinavyokaba mtu kuelekea alfajiri. Ila hata hilo ningewaachia wenye friji na jenomu, mradi walitoe baada ya kujibu swali la kwanza. Yule mzee alisema anameza dawa. Je, mmeandika mahali fulani kwamba alikuwa anasema kweli?